Kuhamia kazi ya ushauri wa madeni na benefiti Uingereza: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nilifanya kea, yaani kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa, miaka 11, mingi ikiwa zamu za usiku, kabla sijahamia kazi ya ushauri wa madeni na benefiti (malipo ya serikali ya kumsaidia mwenye shida) katika mji mmoja wa katikati ya England. Tangu nihame haipiti wiki bila mtu kunipigia au kunitumia sauti ya dakika nne akiuliza niliingiaje, na kama naye anaweza. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia. Majibu yangu ni ya England, na kwa sehemu kubwa Wales. Wa Scotland nimewawekea neno lao karibu na mwisho.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mtu anakuja na tatizo la pesa. Unakaa naye mpaka mjue anadaiwa nini na nani, deni lipi linaweza kumtoa ndani ya nyumba na lipi linapiga kelele tu, na kama kuna haki yake ya serikali ambayo haichukui. Ukishajua, unamweleza njia zilizopo, anachagua mwenyewe, kisha unamshika mkono katika kuifuata: kuandika barua, kuwapigia wadai, kujaza fomu, kuandaa rufaa.

Madeni na benefiti huenda pamoja kwa sababu moja hutokana na jingine. Wengi wanaokuja na deni la kodi ya nyumba si wabadhirifu. Saa za kazi zimepungua, mume ameondoka, au Universal Credit, malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, imekatwa na hawajui kwa nini. Anayeomba Universal Credit mara ya kwanza husubiri kama wiki 5 kabla ya kupata kitu. Asiyeweza kusubiri hupewa malipo ya awali, na malipo hayo ni mkopo: hukatwa kidogo kidogo katika miezi inayofuata. Kwa hiyo mtu anaingia kwenye mfumo wa kumsaidia akiwa tayari anadaiwa na mfumo huohuo.

Nani anaajiri?

Anayejulikana zaidi ni Citizens Advice. Ofisi zake 200 za mwanzo zilifunguliwa tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kuingia vitani, na leo kila ofisi ya mtaa ni shirika la hisani linalojisimamia, lenye matangazo yake ya kazi. Wapo StepChange wa Leeds na National Debtline, ambao kazi yao kubwa hufanyika kwa simu na mtandaoni. Wapo Christians Against Poverty, walioanzia Bradford mwaka 1996. Shelter wanashughulika na makazi, Age UK na wazee, na Macmillan wana washauri wa benefiti kwa wagonjwa wa saratani.

Watu wengi hawazifikirii halmashauri na mashirika ya nyumba za kupanga. Hizi nazo huajiri washauri, kwa sababu mpangaji anayepata haki zake zote ndiye anayelipa kodi. Kama umechoka kutafuta, angalia huko.

Sijasoma sheria wala uhasibu. Nitaweza?

Utaweza. Hesabu ni za kujumlisha na kutoa, na sheria utafundishwa. Kinachotafutwa kwanza ni mtu anayeweza kusikiliza jambo zito bila uso wake kubadilika, akauliza swali linalofuata, kisha akaandika alichosikia na si alichodhani.

Waliofanya kea wana mtaji mkubwa hapa na hawaujui. Ulikuwa unaandika ripoti kila mwisho wa zamu, ukijua kwamba usipoandika ni kama hukufanya. Ulikuwa unamwogesha mtu mzima huku ukimlindia heshima yake. Kumfungulia mtu barua za madai kunataka mkono uleule. Waliokuwa madukani wanajua kuongea na mteja aliyekasirika. Madereva wa basi wanaujua mji na watu wake. Waliofanya kazi benki huja na ujuzi wa mikopo, ila wengine hupata shida mwanzoni: wamezoea kukaa upande wa mdai, na huchukua muda kuhamisha kiti.

Mteja wa kwanza anakuwaje?

Nitakueleza wa kwangu, nikibadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Alikuwa mama wa makamo. Aliingia na mfuko wa plastiki wa dukani ameufunga fundo, na hakuuweka mezani. Aliuweka sakafuni, katikati ya miguu yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu," halafu akanyamaza. Kisha akasema, "Naona aibu."

Sikumwambia asione aibu. Nilimwomba ruhusa nifungue bahasha ya juu tu. Baada ya hiyo akanipa ya pili mwenyewe. Tukazipanga mezani: za kaki upande mmoja, nyeupe zenye dirisha upande mwingine, na kila fungu kwa tarehe. Zilikuwa barua 31. Zaidi ya 20 zilihusu deni moja la kadi ya benki lililokuwa likiuzwa kutoka kampuni hadi kampuni, na kila kampuni ilimwandikia kwa jina jipya. Alikuwa akiamini anadaiwa na watu tisa. Walikuwa watatu. Na barua ya hatari kuliko zote ilikuwa karatasi moja nyembamba kutoka halmashauri, haina wino mwekundu wala neno la kutisha. Alikuwa ameifungua, akaona imeandikwa kwa upole, akairudisha kwenye mfuko.

Saa nzima ile sikutoa ushauri wowote. Tulipanga karatasi. Alipoinuka aliuacha mfuko wa plastiki kwenye kapu la taka, akaondoka na faili la kadibodi nililompa.

Tumelelewa na "dawa ya deni kulipa". Mbona nasikia mnawaambia watu wasilipe?

Hatuwaambii wasilipe. Tunawauliza wanaanza na nani, kwa kuwa pesa haiwatoshi wote.

Katika kazi hii madeni hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo usipolipa unapoteza kitu cha msingi: nyumba, umeme na gesi, au uhuru wako. Humo imo kodi ya nyumba ya kupanga, mkopo wa nyumba, kodi ya halmashauri (council tax), faini za mahakama. Fungu la pili ni kadi za benki, mikopo ya kawaida, simu iliyokwisha mkataba, bidhaa za kukopa. Hayo nayo ni madeni ya kweli na mdai anaweza kwenda mahakamani, lakini hakuna anayefungwa kwa kushindwa kulipa kadi ya benki.

Shida ni kwamba fungu la pili ndilo linalopiga simu mara kumi kwa siku. Kodi ya halmashauri haikupigii. Ukiruka awamu, inakuja barua ya kukukumbusha inayokupa siku 7. Ukiikosa, unadaiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Inayofuata ni hati ya mahakama, kisha madalali wa mahakama mlangoni. Kwa England sheria bado inaruhusu hata kumfunga mtu hadi miezi 3 akionekana amekaidi kwa makusudi au kwa uzembe. Wales waliifuta adhabu hiyo mwaka 2019. Nimeona baba mwenye watoto akilipa kadi ya benki bila kukosa mwezi, kwa sababu aliogopa simu, huku deni la halmashauri likifika kwa madalali. Alikuwa mwaminifu kabisa. Alimlipa anayepiga kelele.

Kwa hiyo unajifunza kumwambia mtu: huyu mpe awamu leo, huyu tumwombe asimamishe riba, na huyu tumwandikie kwamba huna uwezo kwa sasa, na hesabu zako ni hizi hapa. Kwa wengi, mtu anayewaambia hayo kwa Kiswahili kilichonyooka ndiye wa kwanza kuwapa usingizi baada ya miezi.

Mna zana gani, zaidi ya maneno?

Mbili nitazieleza kwa sababu bila mshauri mteja hazifikii.

Ya kwanza inaitwa Breathing Space, na kweli ni muda wa kupumua. Ilianza tarehe 4 Mei 2021. Mshauri anapomwingiza mteja, wadai walioorodheshwa hawaruhusiwi kumdai, kumwongezea riba na gharama nyingi, wala kumpeleka mbele kwa siku 60. Mteja anaendelea kulipa kodi na bili za sasa, na mshauri hupitia hali yake katikati ya kipindi. Haifuti deni. Inanunua muda, na muda ndicho kitu ambacho mtu wa madeni hana.

Ya pili ni Debt Relief Order, ambayo ofisini kila mtu anaiita DRO. Ni kwa mwenye kipato kidogo na asiye na mali. Tangu Juni 2024 deni lote linaweza kufika paundi 50,000, gari lisizidi thamani ya paundi 4,000, mali nyingine paundi 2,000, na baada ya matumizi ya lazima asibakiwe na zaidi ya paundi 75 kwa mwezi. Zamani mtu alilipa paundi 90 kuomba. Ada hiyo iliondolewa Aprili 2024, na nilikuwa ofisini mwezi ule: tuliwapigia wateja waliokuwa wakidunduliza hizo 90 tukawaambia waje tu. Hali yake isipobadilika kwa miezi 12, madeni yaliyomo hufutwa. Huacha alama kwenye rekodi ya mikopo kwa miaka 6. Ombi lazima lipitie kwa mshauri aliyeidhinishwa, na kufika daraja hilo ni hatua kubwa katika kazi hii.

Kuieleza DRO kwa Kiswahili kunahitaji uangalifu. Ukimwambia mzee wa Pemba au wa Lamu neno "kufilisika", umempiga. Mimi huanza na kinachofanyika, hatua kwa hatua, na jina nalileta mwisho.

Pesa za kutuma nyumbani mnazihesabu vipi?

Swali hili peke yake linatosha kuonyesha kwa nini watu wetu wanahitajika katika kazi hii.

Karibu kila shirika linatumia fomu moja ya hesabu iitwayo Standard Financial Statement, ambayo wadai nao wanaitambua. Ina sehemu ya chakula, nauli, umeme, hata zawadi. Ada ya mtoto wa dada na dawa za presha za mama haina mstari wake. Mteja akiona hivyo huficha. Hesabu inatoka nzuri, inaonyesha anabakiwa na paundi 150, unampangia awamu ya 150, na mwezi wa pili mpango unavunjika kwa sababu ile 150 ilikuwa inakwenda Tanga kila mwezi toka mwanzo.

Mimi huuliza wazi, na kwa lugha yetu: "Nyumbani unamsaidia nani, na kwa kiasi gani?" Halafu tunazungumza. Si kila mdai atakubali, na anayesimamia DRO anaweza kuhoji. Wakati mwingine mteja anampigia kaka yake palepale ofisini na kumwambia ukweli kwa mara ya kwanza. Wakati mwingine anasema mama hawezi kukosa dawa, na tunatafuta njia inayobeba hilo.

Jambo jingine ni upatu na mikopo ya ndugu. Nayo ni madeni. Kwenye DRO lazima yaorodheshwe pamoja na mengine, na kuwalipa ndugu kwanza huku unawaacha wengine, kabla ya kuomba, kunaweza kuharibu ombi zima. Watu wetu hufanya hivyo kwa heshima, wakiamini wanatenda haki.

Upande wa benefiti ukoje?

Huo ndio ninaoupenda zaidi, nakiri. Unakagua mtu anastahili nini, unajaza fomu, na uamuzi ukija vibaya unapigana nao.

Chukua PIP, malipo ya mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, yaliyoanza mwaka 2013. Haiulizi unaumwa nini. Inauliza unaweza kufanya nini: kupika chakula rahisi, kuoga, kuvaa, kutembea, na kadhalika, shughuli 12 kwa jumla. Kila moja ina alama zake. Alama 8 kwenye fungu moja, la maisha ya kila siku au la kutembea, zinakupa kiwango cha kawaida cha fungu hilo, 12 kiwango cha juu.

Sasa tazama lugha yetu inavyotuponza. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba ukiulizwa hujambo, unajibu sijambo. Habari? Nzuri. Mgonjwa kitandani anaulizwa anaendeleaje, anajibu, "Namshukuru Mungu." Hayo ni malezi mema na sitaki tuyaache. Lakini kwenye simu ya PIP mtu anaulizwa leo unajisikiaje, anajibu niko vizuri. Anaulizwa unaweza kupika, anajibu naweza. Naye hajagusa jiko tangu alipojiunguza mwezi wa tatu, bintiye ndiye anayepika. Hakusema uongo. Alijibu kiungwana, na jibu lake likawa alama sifuri.

Kazi yako ni kuuliza tofauti. Usiulize "Unaweza kupika?" Uliza, "Mara ya mwisho uliposhika sufuria yenye maji ya moto, ilikuwaje?" Sheria yenyewe inasema shughuli ihesabiwe unaiweza pale tu unapoifanya kwa usalama, kwa ubora unaokubalika, kwa kurudia kadiri inavyohitajika, na kwa muda usiopita kiasi. Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza nilikumbuka wazee niliowauguza miaka 11. Wote "waliweza" kuvaa, kwa dakika 40 na machozi.

Uamuzi ukiwa mbaya, mteja ana mwezi mmoja kuomba uangaliwe upya. Ukibaki vilevile, ana mwezi mwingine kukata rufaa kwenye baraza huru, ambako kwa PIP hukaa jaji, daktari na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu. Rufaa haina ada. Wengi huishia kwenye barua ya kwanza ya kukataliwa kwa sababu wameamini kwamba serikali ikishasema, imesema.

Nianzie wapi?

Kujitolea. Mimi nilianza siku moja kwa wiki, Jumanne, siku yangu ya mapumziko. Ofisi nyingi za Citizens Advice huchukua watu bila cheti chochote, zinawafundisha bure na kuwarudishia nauli. Anayekuja siku moja au mbili kwa wiki huchukua kati ya miezi 6 na mwaka kufika mahali pa kushauri bila kusimamiwa kila neno. Anayepokea Universal Credit anaruhusiwa kujitolea, ila amwambie mshauri wake wa kazi.

Utaanza kwa kukaa pembeni na kutazama. Halafu utampokea mteja na kuandika maelezo yake. Halafu utatafuta jibu kwenye mfumo wa taarifa wa ofisi na msimamizi atalikagua kabla hujalitamka. Msimamizi wangu alinirudishia maelezo yangu ya kwanza mara nne. Nilikuwa nimeandika "mteja ana shida ya kodi". Aliuliza: kodi gani, kiasi gani, tangu lini, hati imetoka? Leo namshukuru kwa kila mara.

Ukishaingia kwenye madeni yapo mafunzo ya Wiseradviser ya Money Advice Trust, na cheti cha Institute of Money Advisers. Usilipie kozi ya gharama kubwa mtandaoni kabla hujajitolea. Waajiri hawakuiomba, na hujajua bado kama kazi unaipenda.

Naweza kuanza kuwashauri watu msikitini, kanisani au kwenye kundi la WhatsApp sasa hivi?

Hapana, na nina sababu inayoniuma. Kabla sijafundishwa, jirani yangu aliniletea barua ya deni la zamani la kadi. Alikuwa hajalipa wala kuwasiliana nao kwa zaidi ya miaka 5. Nilimwandikia barua ya adabu: ndiyo ninadaiwa, naomba mnivumilie. Miezi kadhaa baadaye, darasani, nikafundishwa kwamba kwa England mdai wa deni la kawaida ana miaka 6 ya kwenda mahakamani, na kwamba ukikiri deni kwa maandishi kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya. Barua yangu ilimpa mdai miaka 6 mipya. Nilikwenda nikamweleza. Tunasalimiana mpaka leo, lakini deni lile alililipa paundi kumi kumi.

Ndiyo sababu shirika linalotoa ushauri wa madeni, hata la hisani, linahitaji kibali cha Financial Conduct Authority, mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Na kwenye uhamiaji ni kali zaidi: kutoa ushauri wa viza bila kuwa na sifa au kusajiliwa, hata bure, ni kosa la jinai. Mteja atakuuliza habari ya viza, tena mwishoni, ameshashika kitasa cha mlango. Jibu lako ni kumwelekeza kwa aliyesajiliwa.

Unachoweza kufanya leo ni kumsindikiza. Piga naye simu National Debtline, kaa pembeni yake, mshikie kalamu.

Viza inaniruhusu?

Mwenye makazi ya kudumu au uraia hana tatizo. Mwenye viza iliyofungwa kwa mwajiri mmoja, na wafanya kea wengi wapo hapo, asibadilishe chochote wala asianze kujitolea kabla ya kuuliza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Kwa wateja: aliyeandikiwa kwenye viza kwamba haruhusiwi kutumia fedha za umma hawezi kudai Universal Credit wala posho ya mtoto, lakini ushauri wa madeni si fedha ya umma. Aje. Na kama anadaiwa na hospitali, aje mapema zaidi, kwa sababu deni la NHS (huduma ya afya ya taifa) la paundi 500 na kuendelea huweza kutumika kumkatalia viza.

Kiswahili kinasaidia kazini?

Sana, na si kwa kutafsiri tu. Mtoto wa miaka 12 anayemkalimania mama yake habari za madeni anabeba mzigo usio wake, na mama hasemi yote mbele ya mwanawe. Akikupata wewe, mtoto anabaki shuleni.

Kuna pia mambo ambayo mteja hamwambii mgeni. Mkopeshaji wa mtaani aliyechukua pasipoti au kadi ya benki kama rehani, kwa mfano. Mteja anaamini ametenda kosa kwa kukopa. Hajatenda. Anayekopesha kwa biashara bila kibali ndiye mkosaji, na England ina kikosi maalumu cha kuwashughulikia, Stop Loan Sharks.

Angalizo moja: jamii yetu ni ndogo. Utamkuta mteja wako harusini. Mwache yeye akusalimu kwanza.

Mshahara?

Si mkubwa. Nafasi nyingi za kuanzia hutangazwa chini ya paundi 30,000 kwa mwaka, na mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili kwa kuwa inategemea wafadhili. Nilipohama nilipoteza nyongeza ya zamu za usiku na familia iliihisi. Usiache kazi kabla hujapata mkataba mkononi.

Umri wangu ni miaka 52. Nimechelewa?

Hapana. Katika kundi langu la mafunzo nilikuwa wa pili kwa udogo, na nilikuwa na 44.

Inaumiza moyo?

Inaumiza. Zipo siku unampa mtu vocha ya chakula na kumfungulia mlango atoke kwenye mvua, kisha unarudi kuandika maelezo. Wapo wanaotaja kujiua, na utafundishwa nini cha kufanya. Utaratibu huo ujue kwa moyo. Ofisi nzuri ina msimamizi unayeweza kumwendea dakika hiyohiyo. Kwenye usaili uliza: "Baada ya mteja mgumu, mshauri anazungumza na nani?" Wakibabaika, fikiria mara mbili.

Niko Scotland. Haya yananihusu?

Kazi ni ileile, sheria si ileile. Wana taratibu zao za madeni, na malipo ya ulemavu wanayashughulikia wenyewe kwa mfumo wao. Jifunze ya hapo ulipo, na usimnukulie mteja wa Glasgow ukurasa huu.

Kwenye maombi ya kazi niandike nini?

Usiandike "napenda kusaidia watu". Kila mtu ameandika hivyo. Andika tukio. Mimi niliandika kuhusu bibi mmoja niliyemuuguza aliyekuwa akizima hita usiku wa Januari. Niliuliza, nikagundua anaogopa bili, nikamwomba meneja tumpigie kampuni ya umeme pamoja naye, na nikaandika kwenye ripoti kilichojibiwa. Mistari sita. Kwenye usaili maswali matatu ya kwanza yalitoka kwenye mistari hiyo.